Herufi N Iliyomwangusha Mwalimu Gangilonga: Historia ya Njia za Mkato Kwenye Michezo ya Maandishi

Huku Mbeya baridi ya mwezi wa saba imeshika adabu watu wote, hata wale wa Dar waliokuja harusini na mashati mepesi. Naandika nikiwa na jiko la mkaa pembeni, kwa hiyo mkiona nimerefusha maneno, jueni sitaki kutoka nje.

Kwa wageni: kwenye safu hii hatutaji majina. Tunasimulia mtu na alichofanya, jina anabaki nalo mwenyewe. Leo nina watu wawili. Wa kwanza ni dogo mmoja wa Mwanjelwa anayetengeneza simu kwenye kibanda kisichozidi kitanda kwa ukubwa. Wa pili ni mjomba wake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi Iringa, Kihesa. Mwalimu alipoteza macho taratibu kwa presha ya macho. Alianza kutoona ubao vizuri, akaja kushindwa kusoma gazeti, mwisho akawa haoni kitu.

Mwalimu alisomea ualimu enzi ambazo mtu alijifunza na kupiga chapa, kwa hiyo vidole vyake vinajua kibodi bila kuitazama. Dogo akamtafutia laptop iliyotumika, akaweka NVDA, programu ya bure inayosoma kilichoandikwa kwenye skrini, na sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Sauti yenyewe ni ya kiroboti, kama mtu anayetangaza basi akiwa na mafua, lakini inasoma. Barua ikaisha, habari zikaisha. Mwalimu akauliza swali la mtu mzima aliyechoka kukaa: "Mjomba, hii mashine haina hata mchezo?"

Michezo ipo kibao, ila yote ni ya kuangalia. Dogo akatafuta, akakuta kuna aina moja ambayo haina picha hata moja. Mashine inakuelezea kwa maneno ulipo, wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu kilichotokea. Andika CHUKUA TAA, unaipata taa. Kwa msikilizaji asiyeona, huo ni mchezo kamili, haujapunguzwa kitu, na duniani kote wasioona ni katika wapenzi wakubwa wa michezo hii. Shida ni moja tu: dogo hakuupata wa Kiswahili. Akaamua kuuandika mwenyewe, mji wa Iringa uwe uwanja, Miyomboni, Ipogolo na lile jiwe la Gangilonga vikiwemo.

Kabla sijafika kwenye anguko la Mwalimu, turudi nyuma kidogo, maana kosa lililomwangusha lilianza miaka hamsini iliyopita, Marekani.

Miaka ya 1975 na 1976 kulikuwa na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther, mmoja wa watu waliojenga mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti ya leo. (Huyu tunamtaja, keshaandikwa vitabuni.) Alikuwa pia mtu wa mapango, anatambaa chini ya ardhi kule Kentucky na kuchora ramani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akataka kitu cha kucheza na binti zake. Akaandika programu kwa lugha ya FORTRAN kwenye kompyuta kubwa ya PDP-10: unatembea pangoni kwa kuandika neno moja au mawili. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaupanua, ukasambaa kwenye vyuo na maofisi kama homa. Ndio huo Adventure.

Na sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Huku kwetu kitu kipya cha miaka hiyo kilikuwa treni: Wachina na Watanzania walikuwa wanamalizia TAZARA, ikapita Mbeya na Makambako kuelekea Zambia. Nasema hivi bila kulaumu, lakini ukweli unabaki kwamba wakati watu wanaamua mashine itasikiliza maneno gani, hatukuwepo chumbani.

Sasa hapa pana utamu. Mchezo wa Crowther ulisoma herufi tano tu za mwanzo za kila neno. Ile kompyuta ilihifadhi vitu kwenye vipande vya biti 36, kila herufi ilikula biti 7, na saba mara tano ni 35. Herufi ya sita haikuwa na kiti. Mimi nilikaa na karatasi nikajaribu kwa Kiswahili. Kaskazini inakuwa KASKA, kusini KUSIN, mashariki MASHA, magharibi MAGHA. Afadhali, zinatofautiana. Ila mtu akiandika MASHAMBANI atajikuta amepelekwa mashariki. FUNGA na FUNGUA zinaponea chupuchupu kwenye herufi ya tano, lakini FUNGUA na FUNGUO zinakuwa kitu kimoja. Halafu kuna michezo ya Scott Adams, kuanzia Adventureland ya mwaka 1978, iliyosoma herufi tatu. Tatu! Kwa Kiswahili hapo kufungua na kufunga mlango vyote vinakuwa FUN. Unasimama mlangoni unafungua, unafunga, mashine haioni tofauti.

Njia za mkato zilizaliwa kwenye ubahili huohuo. Mwaka 1977 vijana wa chuo cha MIT wakaanza mchezo wao, Zork, wakaja kuanzisha kampuni ya Infocom mwaka 1979 na kuuza michezo hii kwa watu wenye kompyuta nyumbani. Mchezaji anatembea mara mia kwa jioni moja. Nani atakaa kuandika neno zima kila hatua? Basi herufi moja ikatosha. N, S, E na W ni pande nne za dunia kwa Kiingereza. I ni kuangalia ulichobeba. L ni kutazama ulipo. G ni kurudia amri ya mwisho. Kuchunguza kitu kwa Kiingereza kunaanza na E, lakini E ilikuwa keshachukuliwa na mashariki, ndipo kuchunguza kukapewa X. Kusubiri kunaanza na W, W ni magharibi, kusubiri kukatupwa mpaka Z. Yaani aliyewahi alikaa mbele, aliyechelewa akakaa kwenye injini, kama kwenye Hiace za Uyole.

Zikawa desturi. Miaka ikapita, kampuni ikafa, watu wakabaki na herufi zile vidoleni. Mwaka 1993 Graham Nelson wa Oxford akatoa Inform, lugha ya kuandikia michezo hii, bure kwa yeyote. Ukianza kuandika mchezo kwa Inform, hizo njia za mkato zote unazikuta ndani tayari. Hukuziomba. Ni kama kupanga chumba ukakuta mwenye nyumba keshaweka makochi yake.

Hapo kati naomba niseme kitu. Watanzania wengi wanadhani hawajawahi kukutana na michezo ya namna hii. Umewahi kupiga *150*00#? Mashine inakuandikia, unajibu, inakuandikia tena, ukikosea inakurudisha mwanzo na pesa ya watu iko hewani. Ni hadithi ya kujibizana, tena yenye mashaka kuliko pango la Crowther. Ila wale walitumia namba. Bonyeza 1, bonyeza 2. Namba haina kabila. Herufi inalo.

Turudi kibandani. Dogo alichagua Inform 6, toleo la mwaka 1996, kwa sababu lilipangwa tangu mwanzo kwamba watu watalitafsiri. Vitenzi vimewekwa kwenye faili moja. Mambo mengine yote ya lugha yako kwenye faili lingine linaloitwa English.h, na mtu akitaka lugha yake analinakili, analipa jina jipya, anabadilisha. Wafaransa, Wahispania, Waitalia, Wajerumani walishafanya hivyo. Wao waligombana na herufi O. Ndani ya Inform, O ni njia ya mkato ya kusahihisha neno ulilokosea kuandika. Lakini kwa Mfaransa, Mhispania na Mwitalia, O ni magharibi. Kwa Mjerumani O ni mashariki. Wote wakaing'oa, kila mmoja akampa mwenyeji wake.

Dogo akaandika usiku, mchana akiuza vioo vya simu. Akatafsiri kila sentensi ambayo mchezo unaweza kusema: huwezi kwenda huko, mlango umefungwa, umebeba vifuatavyo. Akaongeza vitenzi, chukua, weka, chunguza, fungua. Sehemu ya juu ya lile faili ilikuwa na mistari mifupimifupi yenye herufi kubwa, inayofanana na utumbo wa mashine. Hiyo akaiogopa, akaiacha. Miezi minne. Akapanda basi la asubuhi kwenda Iringa, kupitia Makambako na Mafinga, laptop yake kifuani.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na safari zangu Iringa, akaniomba niende nikashuhudie.

Baada ya shikamoo na marahaba, chai na viazi vitamu, Mwalimu akakaa mezani. Sauti ikasoma utangulizi. Neno la kwanza Mwalimu aliloandika lilikuwa KAMWENE. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo salamu ya Wahehe, na Mwalimu kafika mjini, mtu unafikaje mahali usisalimie? Mchezo ukajibu: "Kitenzi hicho sikifahamu." Tukacheka wote. Mwalimu akasema hata watoto wa siku hizi ndivyo walivyo.

Akaendelea vizuri. Akatoka Miyomboni, akapanda mpaka Gangilonga. Jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalozungumza, na wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Kwenye mchezo, ukifika juu, jiwe linakuuliza: "Unataka nikusimulie habari za Lugalo?" Dogo alikuwa ameandika kisa chote cha tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Wahehe walivyolivamia jeshi la Wajerumani na kamanda wake, Zelewski, akauawa. Alikuwa anangoja tu mjomba wake asikie.

Mwalimu akaandika N. Ndiyo. Mtu yeyote aliyesoma shule za kwetu angeandika N.

Mchezo ukasikia kaskazini. Na upande wa kaskazini wa jiwe, dogo alikuwa ameweka korongo, ili mchezo uwe na hatari kidogo. Sauti ya eSpeak ikasema, bila huruma yoyote, kwa ileile sauti ya mafua: "Unateleza ukingoni. Umekufa."

Safari hii aliyecheka ni mimi peke yangu, nikaacha haraka.

Dogo akaanzisha mchezo upya, akamwambia mjomba wake aandike neno zima. Sawa. Jioni Mwalimu akaitwa chakula. Akaandika ACHA. Mchezo ukauliza: "Una uhakika unataka kuacha?" Akaandika NDIYO, neno zima kama alivyoelekezwa. Mchezo ukajibu: "Tafadhali jibu ndiyo au hapana." Akaandika tena NDIYO. "Tafadhali jibu ndiyo au hapana." Akaandika pole pole, herufi moja moja, mashine ikimtamkia kila moja: n, d, i, y, o. "Tafadhali jibu ndiyo au hapana." Akajaribu N. Mchezo ukamrudisha Miyomboni, kwa sababu ndani kabisa, N ilikuwa bado ni hapana ya Kiingereza, na maneno mawili tu ndiyo yaliyokubalika kama kukubali: y na yes.

Mwalimu akatoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Akasema, "Mjomba, nadhani nimeshazeeka kwa vitu hivi."

Nimeona watu wakishindwa na mashine mara nyingi, mimi mwenyewe nikiwemo. Lakini huyu hakuwa ameshindwa. Alijibu swali la Kiswahili kwa Kiswahili sanifu, mashine ikamwomba ajibu kilekile alichokwisha kujibu, naye akaona kosa ni lake. Miaka zaidi ya thelathini alisahihisha madaftari ya watoto, na hapo kasahihishwa na kitu ambacho hakijui hata ndiyo. Dogo hakula usiku ule. Alikaa na lile faili.

Sasa niwaeleze alichokikuta, maana ndio kiini cha habari yote. Kuna sehemu ya programu inayopokea sentensi yako na kuikata vipande. Wasomi huiita kichanganuzi, mimi nitaiita sikio. Dogo alikuwa ametafsiri mdomo wa mchezo, sikio likabaki la Kiingereza. Na sikio lina ghorofa.

Ghorofa ya juu ni vitenzi: X ya kuchunguza, Z ya kusubiri, I, L. Hivi ni rahisi kung'oa. Kwenye Inform 7, ndugu mdogo aliyekuja mwaka 2006, ni mstari mmoja unaosema amri "x" sasa ieleweke kuwa kitu kipya, kwisha. Ghorofa ya kati ni pande za dunia, na hapa wengi hujikwaa, kwa sababu N siyo kitenzi kabisa. Kaskazini ndani ya mchezo ni kitu, kina majina yake kama vile taa au jiwe lilivyo na majina, na N ni mojawapo ya majina hayo. Ukienda kuing'oa kwenye orodha ya vitenzi huikuti. Unatafuta panya stoo wakati yuko jikoni. Ghorofa ya chini kabisa ni yale maneno ambayo sikio linayashughulikia lenyewe kabla hata ya kuangalia vitenzi au kuuliza swali lake: kurudia, kusahihisha, kutengua, ndiyo na hapana. Hayo ndiyo ile mistari mifupi ya herufi kubwa aliyoiogopa. Kila mmoja ni jina la kazi na neno lake pembeni. YES1 ni y. NO1 ni n. Kubadilisha kulimchukua dakika tatu. N ikawa ndiyo, H ikawa hapana. Miezi minne ya kazi iliangushwa na dakika tatu ambazo hazikutumika.

Basi N imeondoka kaskazini. Kaskazini sasa apewe nini?

Hebu jaribuni wenyewe kabla hamjaendelea kusoma. Kaskazini, kusini: K na K. Mashariki, magharibi: M na M. Pande nne, herufi mbili. Mfaransa na Mjerumani waliteta na O moja, sisi lugha imetupa mapacha mara mbili. Dogo akajaribu KZ, KS, MS, MG. Asubuhi akamsomea mjomba wake. Mwalimu akasikiliza, akauliza hizo ni namba za magari ya jeshi au ni nini.

Kitu kimoja kiliwafurahisha wote wawili. Michezo iliyotengenezwa kwa Inform 6 hukumbuka herufi tisa za mwanzo za kila neno. Hesabuni: kaskazini, tisa. Mashariki, tisa. Magharibi, tisa. Zimeingia kwenye kabati kama zilipimiwa. Kusini ana nafasi ya kugeukia.

Lakini Mwalimu akasema jambo ambalo mimi na dogo, watu tunaojiona wa mjini, hatukulifikiria. Akauliza: wewe ukiwa Mbeya, unamwelekeza mtu kwa kaskazini? Kweli kabisa. Ukiwa Mafiati unamwambia mtu ashike upande wa Dar au upande wa Tunduma. Ukiwa Iringa unapanda mjini au unashuka Ipogolo. Mwalimu tangu apoteze macho anautembea mji wake kwa miinuko na majina. Mguu ukihisi mteremko anajua aliko. Kaskazini ni ya kwenye ramani ya ukutani, darasa la nne. "Mimi nataka niandike IPOGOLO," akasema, "mashine inipeleke Ipogolo."

Na hapa historia ikanifurahisha. Ule mchezo wa kwanza kabisa ulikuwa unafanya hivyohivyo. Kwenye Adventure mchezaji aliweza kuandika jina la mahali, kama msitu, bonde au ile nyumba ya mwanzoni, na akiwa karibu anapelekwa. Hata lile neno maarufu XYZZY lilikuwa neno la kukuhamisha kutoka mahali mpaka mahali. Ni waliofuata ndio waliofanya dira iwe mfalme, kwa sababu herufi moja ilikuwa nyepesi kuliko jina. Wao ilikuwa nyepesi.

Dogo akayaongeza majina ya mahali yote, na JUU na CHINI, na PANDA na SHUKA. Majina marefu ya pande nne akayaacha kwa atakayeyataka. Njia ya mkato ya dira hakuna.

Baadhi ya herufi hakuzigusa. X aliiacha, maana hakuna neno la Kiswahili linaloanza na X, ni kiti kisicho na mwenyewe. Mwalimu akalalamika kwamba kwake X ni alama ya kosa na kila akiibonyeza anajisikia anamkosesha mtoto hesabu, lakini akazoea. Q nayo haina mwenyewe. Hizo ndizo faida za kuwa na alfabeti yenye nafasi.

Kuna jingine lililomtesa kuliko herufi zote, nalo nitalipitia kwa sababu ni letu peke yetu. Mwingereza akitaka kuichukua taa iliyokwisha kutajwa, ana neno la pembeni la "hiyo". Mwalimu haandiki hivyo, anaandika ICHUKUE. Hiyo "i" iko tumboni mwa kitenzi. Sikio la Inform lina mlango maalumu ambapo unaweza kuikata sentensi upya kabla haijasikilizwa. Wahispania na Waitalia wanautumia kuondoa viwakilishi walivyoviganda mwishoni mwa vitenzi vyao. Dogo akautumia kuondoa vya kwetu mwanzoni. KICHUKUE ikawa "ki" na "chukue", na hapo Kiswahili kikampa zawadi: "ki" inaweza kuwa kisu au kitabu, haiwezi kuwa taa. Neno la Mwingereza halikuambii hivyo.

Ila ukianza kukata "ki", "wa" na "zi" ovyo, KIMBIA anakatwa ki na mbia, WASHA inakuwa wa na sha, ZIMA inakuwa zi na ma. Kwa siku mbili mchezo haukuweza kuwasha taa. Dawa aliipata kwenye irabu ya mwisho: kata tu pale neno linapoishia na E, maana ichukue, kifungue, yaweke, yote yanaishia E, wakati kimbia na washa yanaishia A. Nzuri sana, mpaka ukutane na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, IJIBU, IRUDISHE sawa lakini IRUDI sivyo, na SAMEHE inayoishia E bila kubeba mtu. Hivyo kaviandika kimoja kimoja kwa mkono, na bado anaviokota.

Mwezi uliopita nilipita tena Kihesa. Mwalimu alikuwa mezani. Aliandika GANGILONGA, akafika. Akaandika KAMWENE, jiwe likaitikia, kisha likamuuliza kuhusu Lugalo. Akabonyeza N. Sauti ikaanza kusimulia, naye akaegemea kiti, kila baada ya muda akiisahihisha tarehe na matamshi kama vile mwanafunzi anasoma mbele ya darasa. Alipoitwa chakula akaandika ACHA, akabonyeza N, akanyanyuka.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hawajakubaliana, na wameniomba niwaletee nyinyi. Herufi T. Ni TAZAMA, ni TOKA, au ni TENA? Dogo anasema tazama, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi. Mwalimu anasema toka, kwa sababu mtu akiwa hatarini hana muda wa kuandika. Mimi nilisema tena, wakanitazama vibaya, hata yule asiyeona. Wekeni kura zenu hapo chini.